Mkono wa Hezekiah

Mtu wa mtaa wa Amalemba, Kakamega, ukimuuliza kijito cha Shiakala kilikuwaje miaka sita iliyopita, atakuambia hakumbuki. Anadanganya. Godoro lililokwama chini ya daraja kwa miezi minane lilikuwa lake au la jirani yake, na nepi zilizokuwa zikielea pale zilitoka kwenye nyumba zenye watoto, na watoto wana wenyewe. Leo maji yanaonekana mpaka chini, matete yamerudi, na jioni vyura wanalalamika mpaka utadhani wamepandishiwa kodi ya nyumba. Kwa hiyo sasa kila mtu ni msafi, na kila mtu alikuwapo siku ya kwanza na reki mkononi.

Waliokuwapo siku ya kwanza ni watu kumi na mmoja, wanawake kumi na mwanamume mmoja. Mwanamume huyo alikuwa Hezekiah Makhanu. Alifundisha kazi ya chuma kwenye chuo cha ufundi cha Sigalagala miaka ishirini na saba, akastaafu, akarudi kwenye kipande cha shamba cha baba yake ambacho mji ulikuwa umekizingira pande tatu. Upande wa nne ulikuwa kijito. Alichomelea kichujio cha nondo kuukuu, akakikita majini juu ya daraja, na takataka za mtaa mzima zikaanza kunaswa hapo, wanawake wakizitoa kwa uma na kwa mikono. Aliyewaongoza alikuwa Pascalia, muuza mitumba, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo akageuka hata kama si yeye aliyeitwa.

Takataka zilipopungua, wakakata mikaratusi iliyokuwa ikinywa kijito kama walevi wa siku ya mshahara, kisha wakaanza kupanda miti ya asili. Miche yote ilitoka kwa Zilpah, mke wa Hezekiah. Alikuwa akienda msituni Isecheno, askari wa msitu aliyemzoea akamruhusu kuokota mbegu zilizoanguka chini ya miti mikubwa, naye akarudi nazo kwenye mkoba wa Biblia. Alijua mukomari unataka kivuli kiasi gani. Alijua mutere hukaa ardhini hata miezi mitatu bila kusema neno, na mtu asiye na subira humwaga udongo wakati mbegu ndiyo kwanza inaamka. Kitalu chake kilikuwa nyuma ya jikoni, na hakuna mche uliotoka pale ambao hakuwa ameunywesha kwa mkono wake.

Na bado hakuna hata mmoja aliouweka ardhini.

Kwa mila ya huku, mwanamke mwenye mume hapandi mti. Kuokota mbegu, kulea mche, kuchimba shimo, kubeba maji, hayo yote ni yake na hakuna atakayemzuia. Lakini kuutia mche shimoni na kuushindilia ni kazi ya mwanamume, na mwanamke akijitia hapo, mumewe hufa. Wako wanaosema wazee walitunga hilo kulinda ardhi, maana mwenye mti ndiye mwenye shamba. Huenda. Lakini neno ulilolipokea mdomoni mwa nyanya yako hulitoi kichwani kwa hoja. Wanawake wa kikundi walikuwa na elimu ya kutosha kulicheka, na woga wa kutosha kulitii.

Waume zao, sasa, walikuwa na kazi muhimu ya kukaa. Basi Hezekiah akawa mwanamume wa wote. Wanawake walichimba mashimo kando ya kijito, kila mmoja akasimama na mche wake, wakaita, "Mwalimu, leta mkono!" Naye alikuja shimo kwa shimo, akautia mche, akarudisha udongo, akaushindilia kwa kisigino mara mbili, akaenda kwa mwingine. Miche zaidi ya mia nne ilipandwa hivyo. Watu wakaiita miti ile Mkono wa Hezekiah. Pascalia alizoea kumtania, "Mwalimu, wewe ukikufa utaacha wajane kumi." Zilpah alicheka pamoja nao, ila kila mara alitafuta kitu cha mbao cha kukishika, kuzuia nuksi.

Kinyozi hajinyoi. Sehemu iliyobaki bila mti ni kona iliyopakana na shamba la Hezekiah mwenyewe, hatua kama arubaini za ukingo mtupu ambao maji yaliulamba kila masika. Kila mwaka alisema, tumalize za watu kwanza. Mwezi wa Novemba, walipomaliza za watu, koo lake likaanza kukataa chakula.

Alikuwa mtu wa obusuma na ingokho, ugali na kuku, mtu wa kulamba vidole na kuomba mchuzi uongezwe. Kufikia Krismasi alikuwa akimeza kwa kusukumia maji. Kufikia Februari ulikuwa ni uji tu, mwepesi, kwa kijiko cha chai. Daktari aliwaambia ukweli bila kuupaka sukari, na mwana wao Oliver alilia kwenye simu kule Doha, akasema mkataba wake hauwezi kumwachilia kabla ya Agosti. Hezekiah alimwambia atulie. "Agosti siyo mbali," alisema, na Zilpah akatoka nje kwenda kutazama miche.

Ilikuwa sitini, ya mutere na mukomari na mikuyu michache, yote ya kona ile. Mvua za Machi ziliponyesha, Hezekiah aliomba fimbo na koti, akateremka mwenyewe. Alipanda mitatu. Kwa wa nne alipiga magoti na hakuweza kuinuka. Zilpah akamshika kwapa moja, na la pili akashika Quinter, msichana wa chuo kikuu aliyekuja kwenye kikundi kwa ajili ya utafiti wake, akaumaliza, na hakuondoka. Walimpandisha nyumbani. Alikuwa mwepesi, na wepesi ule ulimtisha Zilpah kuliko maneno yote ya daktari.

"Si mimi niweke hizo zimebaki?" Quinter aliuliza walipomlaza. "Mimi sina mzee. Sasa nani atadedi?"

Jescah, dada yake Hezekiah, alikuwa ameketi kwenye kochi akisuka ukili. Alikuwa mwanamke wa kanisa tangu utotoni, na kila jambo alilokatazwa na wazee alilishika pamoja na Amri Kumi, ikiwa ni pamoja na zile ambazo hazikuwa kwenye orodha.

"Msichana akipanda mti kwa shamba ya mwanaume, ni kusema ameingia kwa hiyo boma," alisema. "Unataka kuolewa hapa?"

"Ng'ombe ngapi, Mama?"

Hata Hezekiah alicheka kule chumbani. Lakini jambo likaishia hapo. Jirani mwanamume naye hakuweza kuitwa, kwa sababu kwingine ukingo ni wa mtaa mzima, lakini hapa mti wake ungekuwa mguu wake ndani ya shamba la watu, na wajukuu wangekuja kushtakiana. Miche hamsini na saba ikabaki nyuma ya jikoni, mvua ikinyesha.

Hezekiah aliomba mara ya kwanza jioni ya Jumapili moja. "Mama Oliver, panda wewe."

"Utapona upande mwenyewe."

"Mimi na wewe tunajua."

Alijifanya hakusikia. Wiki iliyofuata mizizi ilianza kutoboa mifuko, na mzizi ukishatoboa na kukosa pa kwenda hujisokota, na mti wake hata ukikua hautakaa wima mbele ya upepo. Zilpah alijua hilo kuliko mtu yeyote Amalemba. Aliikata mizizi kwa wembe, akaihamisha mifuko, akainyima maji kidogo isirefuke. Alikuwa akiichelewesha, kama mama anayemwambia mtoto asubiri, chakula kinakuja, huku sufuria tupu iko mekoni.

Mara ya pili Hezekiah alikuja na njia. "Ilete hapa kitandani," alisema. "Nishike kila mmoja. Halafu wewe uende uweke. Mkono utakuwa ni wangu."

Zilpah akaileta kwa karai, kumi kumi. Blanketi likajaa udongo. Hezekiah alishika kila mche kwenye shina, akautazama, akautaja jina lake, akausogeza. Kwa mikuyu alikawia. Ilimchukua asubuhi nzima, na alipomaliza alilala akiwa amechoka kama mtu aliyelima ekari. Zilpah alitoka na karai la mwisho, akateremka hadi konani. Mashimo yalikuwa tayari, aliyachimba mwenyewe. Akapiga magoti. Akaushika mche juu ya shimo. Akasikia kukohoa kutoka nyumbani.

Akarudi nao.

"Umepanda?" Hezekiah aliuliza alipoamka.

"Nimepanda."

Siku ile alimwomba ageuze kitanda kielekee dirishani, kwa sababu dirisha lile lilitazama kona. Zilpah akakigeuza. Kisha akafunga pazia, akasema baridi ya mto itamwingia kifuani. Hezekiah hakubisha.

Mtu akishasema uongo mmoja huwa ameajiriwa na uongo huo. Kila asubuhi, akimpa uji, Zilpah alimletea habari za miti isiyopandwa. Mutere wa tatu kutoka kwenye jiwe umetoa majani mawili. Mukomari mmoja umeguswa na konokono, lakini utapona. Hezekiah alisikiliza macho yamefumbwa, akiuliza huu na ule, naye akawa anajibu mpaka wakati mwingine aliiona kweli, imesimama kwa mistari, na maji yakipita chini yake kwa adabu. Hizo ndizo zilikuwa saa zao nzuri. Zilpah alijichukia kwa kuzipenda.

Katikati ya Mei mvua ya alasiri ilikuja na mawe. Kakamega mvua ya saa tisa haishangazi mtu, lakini ile iliyapiga mabati mpaka watu wakawa wanazungumza kwa ishara. Zilpah alikuwa ameketi kando ya kitanda. Ilipopungua kidogo walisikia kishindo kizito kutoka chini, kirefu, kisha maji yakabadilisha sauti.

"Mama Oliver."

"Nipo."

"Kona imeanguka."

"Ni radi."

"Radi naijua. Hiyo ni udongo." Akavuta pumzi. "Hukupanda."

Zilpah akaendelea kumpangusa jasho.

"Ungekuwa umepanda ungekimbia mlangoni. Miti hamsini na saba imebebwa na maji na wewe umekaa tu unanipangusa jasho?"

Mvua ilikuwa imemletea uongo mzuri kuliko wake wote, mkamilifu, usio na wa kuuchunguza. Angesema tu, yote imekwenda. Neno lilikuwa tayari ulimini. Alimtazama mumewe, akaona kwamba hata yeye alikuwa akimngoja achague.

"Sikupanda," alisema.

"Iko wapi?"

"Nyuma ya jikoni. Iko hai."

"Uliogopa nitakufa."

"Niliogopa watu watasema."

"Watu?"

"Ni mimi. Niliogopa mimi."

Hezekiah alicheka, na kicheko kilimuumiza mpaka akashika koo. Alipotulia alimtafuta mkono juu ya blanketi. "Hilo pazia," alisema, "umeona siku hata moja nikikuambia ufungue?"

Zilpah akalia. Alilia bila kujificha, mwanamke wa miaka sitini na moja, kamasi na machozi, huku mvua ikiendelea na shughuli zake. Kumbe wiki zote zile hazikuwa za mtu mmoja anayedanganya. Walikuwa wawili.

"Wewe ulidhani mimi naombea kona?" Hezekiah aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mnong'ono, na kila neno lililipiwa. "Kona hata mianzi ingeshika. Watu wananiitanga mkono, mkono. Mkono gani? Mimi nilikuwanga naweka tu. Kila mti kwa huo mto ni wako, kutoka mbegu. Nilitaka nilale hapa nikuone ukiweka mmoja. Mmoja tu. Ndiyo niende nikijua nimekuona."

"Nitaweka kesho."

"Basi weka kesho."

Kesho yake ardhi ilikuwa tope tupu. Pale alipokuwa amechimba palikuwa hewa, na mitatu ambayo Hezekiah aliipanda Machi haikuonekana tena. Zilpah alichimba shimo jipya nyuma ya ukingo mpya. Alirudi kuuchukua mche, akamkuta Hezekiah na homa, akakaa naye. Siku ya pili homa ilishuka. Aliubeba mutere hadi konani, akasimama nao, akaurudisha. Siku ya tatu alijiambia itakuwa jioni, na jioni akajiambia itakuwa asubuhi. Angekuwa na mume wa miaka kumi mbele yake, huenda angethubutu. Lakini mtu aliyebakiwa na siku nne humnyang'anyi hata saa moja, hata kwa jambo usiloliamini, hata akiwa yeye mwenyewe anakuomba. Watu hawakuwahi kumwambia Zilpah kwamba mapenzi yanaweza kuwa bahili kiasi kile.

Hezekiah alifariki asubuhi ya siku ya nne, Alhamisi, pazia likiwa limefungwa.

Wakamzika sehemu ya juu ya shamba. Watu walikuwa wengi, hata wenye magodoro. Wanaume ambao hawakuwahi kushika jembe kando ya Shiakala walishika maikrofoni, wakasema mkono wa Hezekiah ndio uliookoa kijito, mkono wa Hezekiah ulipanda kila mti tunaouona, na wanawake kumi wa kikundi waliketi chini ya turubai wakitazama viganja vyao. Quinter alisimama kutaka kusema jambo. Pascalia akamvuta sketi akaketi.

Zilpah hakuwa na hasira na wasemaji. Alikuwa na hasira na Alhamisi.

Baada ya siku ya tatu ya matanga na kunyoa nywele, wageni walitawanyika, vyombo vya kuazima vikarudishwa, na nyumba ikawa na ule ukimya ambao hata saa ya ukutani inaonekana kuudhika nao. Zilpah hakwenda kwenye kitalu. Alinywesha mboga, akaipita miche kama watu waliokosana. Ni Jescah aliyekuja, Jumatatu, amevaa gambuti za marehemu kaka yake na jembe begani.

"Mulamwa," alimwita wifi yake, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa yake, "hii miti itakufia kwa mifuko."

"Wacha ife."

"Hapana. Wewe sasa ni mjane. Unaweza kupanda. Hakuna mtu atakuambia kitu." Akatazama chini, akiugusa udongo kwa ncha ya jembe. "Hakuna wa kufa tena."

Alikuwa akimpa ruhusa, na alikuwa akimpa kwa upendo, kwa maana Jescah naye alikuwa amebaki bila kaka. Lakini hakuna kitu kilichomchoma Zilpah miezi yote ile kama ruhusa hiyo. Miaka sita alikuwa ameingoja bila kujua kwamba anaingoja, na bei yake ilikuwa imelala pale juu, udongo haujashuka. Alitaka kuikataa. Alitaka kumwambia Jescah aichukue mila yake na jembe lake aende nazo kwake. Kisha akaiona miche. Ilikuwa imeegemeana kwa upande mmoja, ikilitafuta jua lililozuiwa na ukuta wa jikoni, na majani ya chini yalikuwa yamegeuka manjano. Haikuwa na kosa.

Akachagua mutere, ule uliokuwa umetoa majani mawili kweli, kama alivyodanganya.

Waliteremka. Jescah alichimba, kwa sababu Zilpah alimwambia achimbe, na ilikuwa mara ya kwanza mtu mwingine kumchimbia shimo. Maji ya Shiakala yalipita mekundu kidogo pale konani, yakiwa bado yanamomonyoa kidogo kidogo, na ng'ambo miti ya kikundi ilisimama mirefu, ikitikisika. Zilpah akachana mfuko. Alikuwa amekwisha kupiga magoti aliposimama tena.

"Nini?" Jescah aliuliza.

"Ngoja."

Alimwachia mche, akaupanda mteremko polepole, akaingia nyumbani. Kitanda kilikuwa kimeondolewa godoro, mbao tupu, bado kimeelekezwa dirishani. Zilpah akalivuta pazia mpaka mwisho wa waya wake. Vumbi likamwangukia usoni. Kutoka pale kona ilionekana yote, shimo, jembe, na Jescah akiwa amesimama na mche mkononi asijue la kufanya nao.

Kisha akarudi. Akautia mche shimoni kwa mikono miwili, akarudisha udongo, na alipofika kwenye kushindilia, mguu wake ulisita, kwa sababu alikuwa ameona ikifanywa zaidi ya mara mia nne na hakujua uzito wa kuweka. Akakanyaga mara mbili kwa kisigino. Mche ukasimama.

Alipoinua macho aliona kwamba mgongo wake ulikuwa kati ya mti na dirisha lile. Akasogea hatua moja pembeni, asizibe.